Dawa ya Damu, Kutoka Makambako hadi Lupingu

Makambako ni mji wa upepo na wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, ikiwa imekwisha kuukwea ukingo wa bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja, inapita hapa ikielekea Mbeya. Kwa anayetaka kuijua wilaya ya Ludewa, stendi ya mabasi ya hapa ndiyo mlango, na kinachomlaki mlangoni ni spika. Kati ya wauza chipsi, soksi na chaja za simu wamo wauza dawa, na sauti iliyorekodiwa hurudia orodha ileile mpaka betri iishe: ganzi ya mikono na miguu, miguu kuwaka moto, presha, kupooza, nguvu za kiume, damu nzito. Mwishoni hutajwa nchi: China. Kisanduku chenyewe kinaenea kiganjani. Ni chekundu, kimechorwa moyo pamoja na mishipa yake, kina maandishi ya Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubahatisha upande wa pili. Ndani mna kichupa cha vidonge vya kahawia vidogo kama punje za ulezi. Kiswahili hakimo hata neno moja. Bei hushuka kadiri basi linavyokaribia kuondoka.

Mchina si mgeni katika njia hii. Reli hiyo ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa 1976. Madaktari wa Kichina waliitangulia: timu ya kwanza kwa Tanzania Bara ilifika 1968, na mwaka 1987 nchi hizi mbili zilianza kushirikiana Muhimbili kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI kwa mitishamba ya Kichina. Kliniki za watu binafsi zikachipuka Dar es Salaam miaka ya 1990. Elisabeth Hsu, mwanaanthropolojia wa Oxford, alizichunguza, na katika makala aliyochapisha 2002 akaonyesha jambo la kushangaza: wagonjwa wa Kitanzania walizisifu dawa za Kichina kwa kufanya kazi haraka. Kwa Wachina wengi sifa ya mitishamba ni upole na kwenda taratibu; haraka ni ya hospitali. Dawa ilikuwa imebadili tabia ikivuka bahari. Nilikwenda Ludewa nikiwa na wazo hilo kichwani, na nchi yenyewe, kwa jinsi ilivyopangika kutoka baridi hadi joto, ikalipa uzito: kinachouzwa njia nzima kwa jina la kusukuma damu ni majani yaliyoachana na tabibu wake, na katika dawa za damu tabibu ndiye sehemu kubwa ya dawa.

Kutoka Makambako barabara inaingia Njombe kupitia vilima vya mipaina na miwati, mashamba ya viazi mviringo, na siku hizi maparachichi kila mteremko unaopata maji. Mji upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake haina mzaha: asubuhi watu hutembea na makoti mazito na kofia za sufu, ukungu hukaa juu ya mashamba ya chai ya Kibena mpaka jua likaze, na vijiweni chai ya tangawizi huisha kabla ya maandazi. Jioni ni zamu ya ulanzi, utomvu wa mianzi unaochacha wenyewe ndani ya siku moja, mtamu asubuhi na mkali usiku. Hapa ndipo nadharia ya Kichina ya damu inapoonekana kuwa na akili. Inasema damu huendeshwa na qi, hutamkwa chi, nguvu ipitayo mwilini kwa njia zake. Qi ikienda, damu inakwenda, na ikikwama, damu inakwama. Moja ya sababu za kukwama ni baridi, ambayo huigandisha damu kwenye mishipa. Anayeamka Njombe na vidole visivyoweza kufunga kifungo cha shati hahitaji kubembelezwa aikubali.

Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi miaka kama 1,800 iliyopita, aliacha mchanganyiko wa ugonjwa huohuo, mikono na miguu kuwa baridi. Unaitwa Danggui Sini Tang, na sehemu yake kubwa isingemtisha mama wa Njombe wala wa Unguja: vijiti vya mdalasini, kunazi, mzizi wa dang gui unaonukia kama figili za sokoni, mzizi mtamu wa gan cao. Lakini umo pia mmea uitwao mu tong, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kuna mmea mwingine unaofanana nao kwa jina na kwa umbo la shina, guan mu tong, wa jamii ya Aristolochia, na huo una sumu inayoua figo polepole na kuleta saratani ya njia ya mkojo. China yenyewe iliuondoa katika orodha ya dawa zake mwaka 2003. Ilikuwa imekwisha kuonywa: mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya wanawake 100 huko Ubelgiji, waliokunywa dawa ya kupunguza unene, waliharibikiwa figo baada ya mmea mmoja kubadilishwa kwa mwingine wa jamii hiyo ya Aristolochia. Hata gan cao isiyo na hatia, ikinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu, hupandisha presha. Kisanduku cha stendi kinachodai kushusha presha kinaweza basi kuwa na kiungo cha kuipandisha, na mnunuzi hana namna ya kujua kwa sababu maandishi hayasomi.

Najua jibu linalotolewa hapa, na ni jibu la heshima: watu wanapona. Wanatoa ushuhuda, wanarudi kununua, wanawatuma ndugu. Sitaki kuwaita waongo. Ganzi ya baridi huondoka jua likirudi, maumivu mengi ya viungo huja na kuondoka yenyewe, mdalasini na tangawizi kweli hupasha mwili joto, na mtu aliyelipa pesa yake ana kila sababu ya kujisikia nafuu. Ila ugonjwa ambao visanduku hivi vinautaja mara nyingi kuliko wote, presha, hauna dalili ya kuhisiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa kati ya miaka 25 na 64 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Mtu hawezi kutoa ushuhuda wa kupona kitu ambacho hakuwahi kukihisi. Shahidi pekee ni mashine ya kupimia. Na wapo ambao dawa hizi huwadhuru kwa sababu zinafanya kazi. Dan shen, mzizi mwekundu ambao ni mfalme wa dawa za Kichina za mzunguko wa damu, ukinywewa pamoja na warfarin, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, huweza kumfanya mgonjwa atokwe na damu bila kukoma. Visa vya namna hiyo viliripotiwa Hong Kong tangu miaka ya 1990. Mgonjwa aliyewekewa vali ya moyo Muhimbili akarudi kwao Njombe ni mtu wa hatari mbele ya kisanduku hiki, na spika haimuulizi neno.

Itoni ndipo njia ya Ludewa inapoiacha barabara ya Songea, na kuanzia hapo nchi inabadilika. Vilima vinakuwa milima. Mianzi inazidi, nyumba zinashikamana na miteremko, mashamba ya maharage na ngano yanasimama wima kiasi kwamba mtu hujiuliza mkulima anapumzika vipi bila kuteleza. Kati ya Lusitu na Mawengi barabara imejengwa kwa zege badala ya lami, kilomita 50, kwa sababu ya miinuko mikali, mvua na ukungu. Ukungu wenyewe huja kutoka chini, kama nchi inavyotoa pumzi, na katikati ya mchana gari linaweza kuwasha taa. Wenyeji wa huku ni Wapangwa, watu wa mlimani hasa, na ugali wao wa mahindi huliwa na maharage na majani ya maboga yaliyochemshwa bila haraka. Wamisionari walijenga hospitali zao huku juu, Wakatoliki Lugarawa na Waanglikana Milo, na ukiitazama miteremko unaelewa kwa nini kufika hospitali ni uamuzi wa ukoo mzima.

Ni katika milima hii nilipoona kuwa dai la kutibu kupooza linahitaji kujibiwa kwa ukali kuliko yote. Kupooza kwa kiharusi kuna tiba maarufu ya Kichina, mchanganyiko wa Buyang Huanwu Tang, uliotungwa na Wang Qingren na kuandikwa katika kitabu chake cha 1830. Wang alikuwa mtu wa kuvutia. Mwaka 1797, ugonjwa wa mlipuko ulipowaua watoto wengi, alikwenda kuziangalia maiti zilizozikwa juujuu ili aone viungo kwa macho yake, maana aliamini vitabu vya wazee vina makosa. Alisahihisha mengi na kukosea mengine, likiwemo la kudhani kwamba mishipa mikubwa itokayo moyoni hubeba hewa. Mchanganyiko wake unatumia mzizi wa huang qi kwa wingi sana kuipa qi nguvu, na mimea michache ya kusukuma damu. Sasa, kiharusi kipo cha aina mbili: mshipa wa ubongo ukiziba, au mshipa ukipasuka. Cha kwanza damu haifiki. Cha pili damu inamwagika ndani ya fuvu. Kwa macho, wagonjwa hawa wawili wanaweza kufanana kabisa, mdomo umekwenda upande, mkono umelegea. Kinachowatofautisha ni picha ya CT. Kumpa wa pili dawa ya kusukuma damu ni kumwongezea maafa. Na hata kwa wa kwanza, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2007 kuhusu dan shen katika kiharusi cha kuziba yalikuta tafiti chache na dhaifu, zisizotosha kusema inasaidia. Wang alikwenda makaburini kwa sababu alikataa kutibu asichokiona. Anayeuza mchanganyiko wake kwa spika anauza jina lake na kuitupa tabia yake.

Ludewa mjini ni makao ya wilaya, mji mdogo wa ofisi, soko na ukimya wa mapema jioni. Sifa yake nchini ni ya ardhini: makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, ambavyo mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini kuviendeleza pamoja na kampuni ya Sichuan Hongda. Kabla ya mikataba, Wapangwa walikwisha kukifua chuma hicho kwa matanuru ya udongo na makaa ya kuni, na majembe yao yalikwenda mbali. Randi Barndon, mwanaakiolojia aliyelinganisha ufuaji wa Wapangwa na wa Wafipa katika kitabu cha 2004, anaonyesha kwamba dawa ilikuwa sehemu ya kazi: tanuru lilichukuliwa kama mwili, likatiliwa dawa, likalindwa kwa miiko. Mtu wa leo anaweza kucheka. Mimi nilijifunza hapo kitu kimoja, kwamba hakuna aliyeweza kununua dawa ya tanuru njiani akajiitia chuma. Dawa ilikuwa ya fundi, na fundi alikuwa wa kujulikana, na tanuru likishindwa kutoa chuma kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Chuma kinatukumbusha mkanganyiko mwingine, ambao naona ndio unaowaumiza wanawake zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku, kuongeza damu, kusafisha damu na kusukuma damu huchanganywa kuwa kitu kimoja kizuri. Matabibu wa Kichina hawavichanganyi. Kwao dawa za kulisha damu ni kundi moja, na za kuisukuma ni kundi jingine, na baadhi ya hizi za pili, kama maua ya hong hua na kokwa za pichi, mjamzito hukatazwa waziwazi, kwani zinaweza kumtoa mimba. Mwanamke mwenye upungufu wa damu, anayeona kizunguzungu na kuchoka akipanda mlima na mzigo wa kuni, ana damu kidogo, na kuisukuma damu iliyo kidogo hakumwongezei hata tone. Anachohitaji ni vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki ya wajawazito, mboga za majani na maharage aliyonayo tayari, pamoja na kutibiwa malaria na minyoo. Akienda kwa tabibu wa kweli wa Kichina angeshikwa mapigo ya mkono, angetazamwa ulimi, angeulizwa hedhi yake ya mwisho. Stendi haiulizi hedhi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linahusu duka la kawaida. Hospitali ipo mbali, wanasema, na hata vidonge vya kizungu vinauzwa vijijini na mtu asiyejua kitu, vinafungwa kwenye karatasi, "kutwa mara tatu", basi. Kwa nini miti ya Kichina ndiyo isemwe? Jibu lipo ng'ambo ya mto Ruhuhu. Mkoani Ruvuma, mwaka 2003, ndiko serikali ilikoanza kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa maduka ya dawa muhimu: muuzaji akapewa mafunzo ya wiki kadhaa, duka likapewa orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza, daftari na mkaguzi, na mpango ukaenea nchi nzima. Haukuleta daktari kila kijiji. Ulichofanya ni kumpata muuzaji anayejua maswali machache na anayejua lini aseme nenda hospitali. Kwa tiba asili tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake la kusajili waganga na dawa; mganga wa Kipangwa anatakiwa ajisajili. Sioni kwa nini kisanduku kilichotoka mbali, kisichosomeka, kipate nafasi ambayo bibi wa kijijini mwenye mizizi yake hapewi. Kuna wanaosema qi haipimiki, hivyo wenye maabara wasiiguse. Sawa, qi isipimwe. Presha inapimika, figo zinapimika, mimba inapimika, na kisanduku kinadai mambo ya hivyo.

Kutoka Ludewa kwenda ziwani ni kushuka. Milima ya Livingstone inakatika ghafla, na Ziwa Nyasa linaonekana chini, la buluu iliyoiva, na ng'ambo yake Malawi kama mstari wa moshi. Kadiri njia inavyojikunja, makoti yanavuliwa, mihogo inachukua nafasi ya viazi, miembe inatokea. Lupingu ipo chini ya mita 500, na joto lake ni la pwani. Usipa huanikwa juu ya mchanga, mbasa huchomwa kwa chumvi na ndimu. Huku ni nchi ya Wakisi, na wanawake wao ni wafinyanzi walio na jina nchi nzima: chungu hujengwa kwa mikono bila gurudumu, hukwanguliwa mpaka kiwe chembamba, husuguliwa kwa jiwe la ziwani, hupakwa udongo mwekundu na kuchorwa kwa mweupe, kisha huchomwa kwa moto wa wazi. Kwa karne nyingi Wachina nao wamechemsha mitishamba kwenye vyungu vya udongo na kuiepuka sufuria ya chuma, kwani chuma hubadilisha maji ya dawa.

Na hapa Lupingu, kwenye joto, kisanduku kilekile cha Makambako kipo. Kwangu hiki ndicho kithibitisho kikubwa cha safari nzima. Suwen, sehemu ya kitabu kikongwe cha tiba ya Kichina kinachonasibishwa na Mfalme wa Manjano, ina sura ya kumi na mbili inayouliza kwa nini matabibu hutibu ugonjwa mmoja kwa njia mbalimbali na wote wakapona. Sababu inayotolewa ni nchi. Kaskazini, kwenye ardhi ya juu yenye upepo wa baridi, ambako watu hunywa maziwa, magonjwa hutoka kwenye baridi ya ndani, nayo hutibiwa kwa moto wa majani yanayochomwa karibu na ngozi. Mashariki, kando ya maji, watu hula samaki na chumvi, hupata joto la ndani na majipu, nao hutibiwa kwa sindano za mawe. Aliyeandika hayo hakuijua Njombe ya maziwa na upepo, wala Lupingu ya samaki na chumvi, ila angeona ajabu kusikia kwamba nchi hizi mbili zinapewa vidonge vilevile, kwa kipimo kilekile, kwa vijana na wazee, kwa baridi na kwa joto.

Pwani hii ya ziwa inayo dawa nyingine kutoka China, na hiyo haina spika. Mwaka 340 hivi, Ge Hong aliandika kwamba homa za vipindi zitibiwe kwa konzi ya qinghao, mmea wa jamii ya pakanga, iliyolowekwa kwenye maji kisha ikakamuliwa. Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria miaka ya 1970, aligundua kwa kulisoma agizo hilo kwamba hakukutajwa moto. Akaikamua dawa bila joto kali, nayo ikafanya kazi, na 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo chungu kizuri cha Kikisi, kwa dawa hiyo, kingekuwa kosa. Artemetha inayotokana na mmea huo, pamoja na lumefantrini iliyogunduliwa na Wachina vilevile, ndiyo ALu, dawa mseto ambayo Tanzania imeitumia tangu 2006. Katika duka la dawa muhimu la kijiji cha wavuvi pakiti yake imegawanywa kwa uzito wa mgonjwa. Juu yake umechorwa mwezi na jua. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, na muuzaji humwambia ale kwanza kitu chenye mafuta, usipa wa kukaanga ukiwapo, kwani bila mafuta dawa haiingii vizuri kwenye damu. Kama ni mjamzito, au mtoto wake ni mchanga, huulizwa kabla pakiti haijafunguliwa.